Zile Nene Zimefika

“Umekufa humo au unajipodoa?”

Dada yake Chiriku alikuwa nje ya mlango wa choo cha ukumbi, pini tatu mdomoni kama kawaida ya mafundi cherehani, kwa hiyo kila neno lilitoka limebanwa.

“Nakuja.”

“Nakuja yako ina miguu mifupi. Watu wameshakaa. Kimya ameseti gitaa mara tatu. Akiseti ya nne, zile nyuzi zitadai talaka.”

“Dada, nipe dakika mbili.”

“Mbili. Zikipita navunja mlango, na gauni nalipindia humo humo.”

Viatu vikaondoka. Chiriku akafungua bomba maji yapige kelele, akajitazama kwenye kioo chenye ufa, akavuta pumzi na kuujaribu ule mstari wa juu wa wimbo wao unaopendwa kuliko zote: *Nifungulie mlango, nimekuja na jua.* Kwenye “jua” sauti ikapaa kidogo, ikachanika kama kitambaa kilichonaswa na msumari. Akarudia. Ikachanika tena. Mara ya tatu aliibembeleza, taratibu, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala. Safari hii hata sauti haikutoka. Ulitoka upepo.

Simu ikatetemeka juu ya sinki.

“Halo. Naongea na yule mwimbaji, mgonjwa wa koo?”

“Ndiye mimi.”

“Dada, napiga kutoka kliniki. Daktari anakuulizia. Ulitakiwa urudi baada ya wiki mbili. Leo ni miezi minne.”

“Nasikia nafuu.”

“Nafuu unaisikia wewe. Daktari anataka kuiona.”

“Nitakuja wiki ijayo.”

“Wiki ijayo ya mwezi gani?”

Chiriku akakata simu.

Miezi minne nyuma daktari alimpitishia mpira mwembamba puani, wenye kamera nchani, akakaa akiangalia kioo cha mashine. Kisha akamwonyesha. Nyuzi mbili za sauti, nyeupe, zinafunguka na kufunga kama pazia la jukwaa, na mmoja una kinundu.

“Inaweza kuwa sugu ya kazi,” daktari alisema, “kama mkulima anavyoota sugu mkononi. Inaweza kuwa kitu kingine. Tukikate, tukipime, tujue.”

“Na sauti itarudi?”

Daktari aliangalia kwanza karatasi zake. Hapo ndipo hofu ilipoingia, na tangu siku hiyo haijatoka.

“Itarudi. Itarudije, hilo siwezi kukuahidi.”

Hakumwambia mtu. Kina Chiriku walikuwa kundi la watu wawili tu: yeye akiimba, Kimya kwenye gitaa kavu, la bila umeme. Nyimbo zao zilikuwa zile za asili za bibi zao, walizozifumua na kuzishona upya. Meneja hawakuwa naye wala studio. Mabango waliyaandika kwa mkono na kuyabandika wenyewe kwa gundi ya unga, na mtangazaji wa redio alipouliza, “Nani anawasimamia?” Chiriku alimjibu, “Miguu yetu.” Jina la Chiriku alipewa shuleni, kwa sababu hata akidungwa sindano alikuwa akimsimulia nesi. Kimya naye alikuwa na bajeti ya maneno kumi kwa siku, na saba kati ya hayo yalikuwa “mm.” Hata jukwaani hakuongea. Alibisha kwa kidole tumbo la gitaa: mara moja maana yake rudia, mara mbili maana yake malizia.

Walikutana mlangoni mwa ukumbi huu huu, miaka mitatu iliyopita, Chiriku akitoka na Kimya akimngoja na gitaa mgongoni.

“Hiyo sauti nimeipenda.”

“Sauti tu? Na mwenye nayo je?”

“Tuanze na sauti.”

Chiriku alicheka wiki nzima. Siku hizi maneno hayo yakimrudia yalikuwa yameota meno. Kama mapenzi yalianza na sauti, sauti ikiondoka yatabaki na nini?

Bomba likafungwa. Akapanda jukwaani. Kimya akampa sauti ya kuanzia. Chiriku akafumba macho, akaimba, na alipofika kwenye “jua” alijikaza kama mtu anayesubiri kofi. Kofi halikuja. Sauti ilipanda nzima, ikakaa juu, ikatulia. Ukumbi ukapiga makofi.

Ilikuwa hivyo kila Jumamosi. Nyumbani ilichanika, hapa ilipona. Kila mwezi ikizidi kupona, hadi akaanza kuamini kwamba tangawizi, asali na dua vinafanya kazi, na kwamba daktari yule ni mtu wa kutisha watu tu.

*

“Jumamosi ijayo tunarekodi,” Chiriku alimwambia Kimya siku mbili baadaye. “Albamu nzima, alasiri moja, ukumbini, maikrofoni za kuazima. Na nimemwomba Mjomba Kodiani atupigie.”

Chumba cha Kimya kilikuwa nusu makazi, nusu karakana. Siku za kazi alitengeneza viti. Msasa ulisimama juu ya mguu wa kiti.

“Kodiani ya nini?”

Chiriku akainua kichwa. Maneno matatu, tena swali.

“Kunogesha. Watu wanampenda.”

“Tuko sawa wawili.”

“Sijasema nakuletea mke mwenza. Nimesema kodiani.”

“Apige nyimbo zake.”

“Unamwogopa Mjomba?”

“Mm.”

“Mm” za Kimya Chiriku alizijua zote: ya ndiyo, ya hapana, ya nimeshiba, ya nisamehe. Hii hakuwahi kuisikia.

Kimya akatoka kwenda kunawa vumbi. Simu yake, iliyokuwa kati ya misumari na chupa ya gundi, ikawaka. Namba haina jina. Chiriku hakuwa mtu wa kupekua simu, lakini macho hayana mlango.

“Zile nene ulizotaka zimefika. Nimekuwekea pembeni. Pitia leo saa tisa, na usiwe na wasiwasi, mwenzako sitamwambia.”

Aliisoma mara mbili. Kioo kikazima. Kimya akarudi, akaangalia simu, akaitia mfukoni upesi.

“Saa tisa natoka.”

“Unakwenda wapi?”

“Hapo tu.”

Hapo Tu ni mahali ambapo wanaume wengi wamekwenda na hakuna aliyewahi kuchora ramani yake. Chiriku alitaka kusema hivyo. Siku zote angesema hivyo. Akanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikomtisha zaidi.

*

“Nene gani hizo?” dada aliuliza, mguu juu ya kanyagio la cherehani. “Soksi?”

“Dada, sitanii.”

“Mapaja?”

“Dada.”

“Haya, naacha.” Cherehani ikanyamaza. “Umemuuliza?”

“Naogopa.”

“Wewe? Wewe uliyemuuliza mwalimu mkuu mbele ya shule nzima kwa nini suruali yake ina kiraka?”

“Nikimuuliza atajibu. Kimya hajui kudanganya. Akishajibu nitakuwa nimejua.”

“Kwa hiyo unataka usijue.”

“Hataki kodiani, dada. Hataki mtu wa tatu karibu. Anajua kundi halidumu, anatafuta pa kwenda. Labda ameshapata mwimbaji mwingine. Mwenye sauti nene, ndiyo maana…”

“Sauti nene,” dada alirudia. “Nyingi. Zimefika kwa pamoja, zimewekwa pembeni. Mdogo wangu, huyo ni mwimbaji au gunia la sauti?”

Chiriku alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikachelewa kuisha. Mkono ulimwenda shingoni wenyewe.

“Na hilo koo unalolishikashika ni nini?”

“Vumbi.”

Dada akamtazama kwa muda mrefu kuliko anavyotazama nguo iliyoshonwa vibaya. Alikanyaga cherehani, lakini ndani yake hamkuwa na kitambaa.

*

Mazoezi yalikuwa Alhamisi, saa nane mchana. Mjomba Kodiani, fundi wa baiskeli mwenye vidole vyeusi vya grisi, aliingia na sanduku lake kifuani kama mtu aliyebeba mtoto.

“Shikamoo, Mjomba.”

“Marahaba, Chiriku wangu. Mbona umepungua kelele? Nimeingia nikadhani nimekosea ukumbi.”

Kimya hakusalimia zaidi ya kuinamisha kichwa. Alikaa mbali, gitaa limeegemea tumboni. Chiriku aliona jasho juu ya mdomo wake, na ukumbi ulikuwa na upepo.

“Tuanze na Nifungulie,” Mjomba alisema. “Hiyo naijua hadi usingizini. Moja, mbili, haya.”

Kodiani na gitaa viliingia pamoja, na kilichotoka hapo kilikuwa paka wawili ndani ya gunia moja. Mjomba akasimama.

“Nimekosea mimi. Tena.”

Wakaanza tena. Paka wakazidi kupigana.

“Kimya, umeseti?”

“Mm.”

“Umeseti kwa nani?” Mjomba akabonyeza kitufe kimoja, akasikiliza, akabonyeza kingine. “Kodiani yangu haijui uongo. Ina safu mbili za vitufe, na kila sauti imefungiwa humo kiwandani, haikazwi wala hailegezwi. Nyie ndio mmehama.” Akasogea, kichwa upande. “Toni mbili. Mko chini toni mbili nzima. Tangu lini wimbo huu unaimbwa shimoni?”

Kimya alitazama sakafu. Mjomba akashika nyuzi za gitaa kwa dole gumba.

“Na nyuzi gani hizi? Nene kama kamba za kuanikia nguo. Nani anafunga vitu hivi kwenye gitaa dogo kama hili?”

Nene. Chiriku alilisikia neno likianguka, lakini bado hakuona lilipoangukia.

“Basi weka kibanio cha nyuzi, bana mstari wa nne shingoni, uje kwangu juu,” Mjomba alisema.

“Sina kibanio.”

“Hicho kilichouma kichwa cha gitaa ni kipepeo?”

Kimya akakitoa taratibu. Kilimponyoka mara mbili kabla hajakibana. Kisha akamtazama Chiriku, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeona gari linakuja.

“Chiriku. Usiimbe.”

Chiriku akaimba. *Nifungulie mlango, nimekuja na…*

Ikachanika. Pale pale, vilevile kama chooni, kama nyumbani. Kodiani ikakata. Ndani ya ukumbi ule mtupu kila mmoja alisikia mwangwi wake.

Chiriku aligeuka polepole.

“Tangu lini unanishusha?”

Kimya akakitoa tena kibanio.

“Tangu zile mvua. Nilisikia unaumia pale kwenye ‘jua’. Nikalegeza nyuzi nusu toni. Ukaimba unatabasamu. Mwezi uliofuata ukaumia tena, nikalegeza tena. Vidole vyangu havibadiliki, kwa hiyo ukinitazama huoni kitu. Lakini nyuzi nyembamba zikilegea sana zinalia kama mbu, nikaagiza nene. Yule wa duka la vifaa nilimwomba asikwambie.”

Mjomba alikuwa anamfahamu Kimya miaka kumi na hakuwahi kumsikia akiongea kwa urefu ule. Akakaa chini.

Chiriku alipaswa kufurahi. Hakukuwa na mwanamke, hakukuwa na mwimbaji mwingine. Nene zenyewe zilikuwa nyuzi. Badala yake baridi ilimpanda kuanzia vidole vya miguu.

“Kwa hiyo sikuwa napona.”

“Kupona nini?”

“Kimya, nina uvimbe kooni.” Ilikuwa mara ya kwanza analitamka, na lilisikika kubwa kuliko alivyolibeba. “Daktari alitaka kuukata miezi minne iliyopita, aupime, ajue ni kitu gani. Sikwenda. Nilikuwa napanda hapa kila Jumamosi nasikia sauti inarudi, nasema, aa, naponywa, daktari wa nini? Kumbe si mimi niliyekuwa napanda. Ni wewe uliyekuwa unashusha ngazi.”

Kimya akakalia spika kama mtu aliyekatwa miguu.

“Ungeniambia,” alisema.

“Wewe ungeniambia. Wewe uliyesikia.”

“Niliogopa utaacha kuimba.”

“Na mimi niliogopa utaacha kunipenda.”

Nje mtu alikuwa anafagia, na ufagio ulisikika hadi ndani. Miezi minne. Chiriku aliihesabu kwa vidole bila kujua kwamba anahesabu. Kitu kidogo kinakua kiasi gani kwa miezi minne?

Mjomba akafunga kodiani, nayo ikatoa pumzi ndefu kama mtu mzima.

“Wanangu, ugomvi huu ni mzuri na mngeumaliza kwa raha. Lakini kliniki inafungwa saa kumi.”

*

“Umekuja,” daktari alisema bila kuinua macho. “Nilishaanza kufikiri wewe ni hadithi.”

Mpira ukapita puani. Mashine ikawaka. Kimya alikuwa amesimama kando ya pazia; nesi alijaribu kumtoa.

“Wewe ni nani wake?”

“Mimi ndiye niliyemchelewesha.”

Nesi akamwacha.

“Umekua,” daktari alisema.

“Sana?” Chiriku aliuliza mpira ulipotoka.

“Umekua. Jumatatu asubuhi naukata. Safari hii usipokuja, nitakuja ukumbini kwako na koti hili hili, nikae kiti cha mbele.”

Jumatatu walimlaza juu ya kitanda cha magurudumu kwenye korido yenye harufu ya sabuni kali. Dada alikuwa ameshika viatu vya mdogo wake, amevikumbatia kama mkoba. Kimya alishika mkono.

“Sema kitu,” Chiriku alimwambia.

“Naogopa.”

“Kitu kingine.”

“Naogopa sana.”

Alicheka, machozi yakamwingia masikioni kwa vile alikuwa chali.

“Na kama haitarudi, Kimya? Ukibaki na mimi tu, bila ile?”

Kimya akafungua mdomo. Wakati huo huo nesi akasukuma, magurudumu yakalia, mkono ukatoka mkononi. Mlango wenye vioo viwili vya duara ukafungwa na jibu likabaki upande wa pili.

*

“Wiki mbili bila kusema neno,” daktari aliagiza. “Hata kunong’ona. Kunong’ona kunaumiza zaidi. Majibu ya kipimo, siku kumi.”

“Wiki mbili Chiriku hasemi,” dada alisema. “Daktari, hiyo ni dawa yake au yangu?”

Lakini nyumbani hakutania. Aliweka kitanda cha mdogo wake kando ya cherehani, akashona macho yakiwa kwake, na mara mbili alishona mkono wa shati kwenye kola.

Kimya alikuja kila alasiri na gitaa, akaketi kwenye kigoda. Siku ya kwanza walitazamana. Siku ya pili walitazamana. Chiriku alikuwa na maneno elfu na ruhusa ya hata moja hakuwa nayo. Hofu isiyosemwa ilimzunguka kichwani kama nzi aliyefungiwa chumbani. Siku ya tatu dada alikata uzi kwa meno.

“Nyumba hii imekuwa maktaba. Mmoja wenu aongee, na mmoja wenu amekatazwa na daktari. Hesabu ni rahisi.”

Kimya akakohoa.

“Kuna… kuna kiti kimeletwa jana,” alianza. “Kina miguu mitatu. Mwenyewe anasema kilikuwa na minne.”

Akanyamaza. Chiriku akanyoosha kidole, akabisha tumbo la gitaa mara moja. Rudia.

“Kiti?”

Kubisha tena.

“Basi kimeletwa kiti,” Kimya alisema, na safari hii akaeleza mwenye kiti alivyokaa, alivyoanguka, na alivyomlaumu shemeji yake. Siku ya tano alisimulia juu ya gitaa lake la kwanza alilolitengeneza kwa kopo la mafuta. Siku ya saba alisimulia juu ya mama yake, ambaye hakuwahi kumtaja, aliyefariki akiwa hospitali huku yeye amekaa nje, na kila mtu akimwambia atapona, atapona. Ndiyo maana aliposikia sauti ya Chiriku inaumia hakuweza kuuliza. Aliogopa kuambiwa.

Chiriku hakubisha. Alimshika kidole kile cha kulegezea nyuzi na kukishikilia.

Siku ya tisa aliandika kwenye simu, akamtumia, ingawa walikuwa wameketi goti kwa goti:

“Kesho majibu. Sijalala siku mbili. Nikifumba macho naona ile mashine.”

Kimya alisoma. Akaweka gitaa mapajani. Cherehani ilikuwa inalia kwa kasi.

“Uliniuliza kitu kwenye kile kitanda cha magurudumu,” alisema. “Nilikuwa na jibu. Mlango ulifungwa nalo. Siku ile ya kwanza nilisema tuanze na sauti. Mtu akisema tuanze, kuna kinachofuata, na mimi sikuwahi kukisema. Kilifuata kicheko. Halafu maneno yako yasiyo na breki. Halafu unavyokunja pua ukikosea, ukidhani hakuna aliyeona. Sauti nimeisahau namba yake kwenye orodha.” Akavuta pumzi. “Nataka kukuoa. Nakuuliza leo, kabla ya majibu. Kesho nikikuuliza, yakiwa mabaya utasema nakuonea huruma. Yakiwa mazuri utasema nimeifuata sauti. Leo hatujui kitu. Nakuuliza nikiwa sijui kitu.”

Cherehani ilikuwa imeshanyamaza.

Chiriku akanyoosha kidole. Akabisha mara moja.

“Rudia?” Kimya alishangaa. “Lote?”

“Na mimi sikusikia vizuri,” dada alisema. “Cherehani ilikuwa inalia.”

Kimya akajifuta jasho, akarudia, kwa kifupi kidogo, akaruka ile ya pua na Chiriku akamwonyesha pua. Akaiweka. Alipomaliza, kidole kikabisha tena: mara moja.

“Chiriku, jamani. Haya. Nataka kukuoa.”

Kidole kikabisha mara mbili.

Kimya akaganda.

“Mbili ni malizia,” alisema polepole. “Malizia… ni ndiyo? Au tumeishia hapa?”

“Wanaume,” dada alisema. “Anakwambia umalizie kazi. Nenda kwa wazee.”

Simu ya Kimya ikatetemeka mfukoni. Ujumbe ulikuwa wa maneno matatu: “Ndiyo, bubu wangu.”

*

Daktari alikuwa na bahasha. Aliifungua kwa mkasi, akasoma kwanza ukurasa wa juu, kisha wa chini, na Chiriku aliona anaangalia karatasi kama siku ile. Mkono mmoja wa Chiriku ulikuwa kwa dada, mwingine kwa Kimya.

“Sugu,” daktari alisema. “Sugu ya kazi, si kile nilichokuwa nakihofia. Mmepata bahati ambayo hamkuitafuta. Ingekuwa kile kingine, hiyo miezi minne nisingekuwa na la kufanya nayo.”

Dada alikaa chini, sakafuni. Kimya aligeukia ukuta. Chiriku alifungua mdomo, daktari akanyoosha kidole.

“Bado siku nne. Furahi kwa mikono.”

Siku ya kumi na tano walikutana ukumbini kwa ile rekodi waliyoiahirisha, saa nane mchana, viti vitupu, maikrofoni za kuazima zimesimamishwa. Mjomba na kodiani yake, dada na pini zake. Kimya akaleta gitaa, akamwonyesha.

“Nimerudisha nyembamba,” alisema. “Nimezikaza pale pale pa zamani. Sitakushusha tena bila wewe kujua. Ukichanika, tutachanika wote.”

Chiriku alisogea kwenye maikrofoni. Wiki mbili hakuisikia sauti yake. Hakujua ndani ya koo lake sasa anaishi nani. Daktari alisema itarudi, hakusema itarudije. Akavuta pumzi. Neno la kwanza alilichagua tangu jana.

“Shusha.”

Ilitoka nzito, ya chini, yenye punje kama sukari isiyoyeyuka. Mjomba akainua nyusi. Dada akaacha kutafuna pini.

“Kiasi gani?” Kimya aliuliza, na sauti yake ndiyo iliyochanika.

“Nusu toni chini ya pale mlipokuwa,” Mjomba aliingilia. “Mkifika hapo mtanikuta kwenye safu ya ndani ya vitufe. Siku ile mngeshuka nusu moja zaidi tusingegombana, na huyu asingejua hadi leo.” Akalifikiria alilolisema, akajipangusa shingo.

Kimya akatia mkono mfukoni, akatoa bahasha ndogo iliyokunjwa. Hakuwa amezitupa.

“Zile nene,” Chiriku alisema kwa sauti yake mpya, akiikagua.

“Zimefika,” Kimya alijibu.

Alizifunga mbele yake, moja moja, na kila aliyoilegeza alimuuliza, “Hapa?” naye akajibu, “Bado,” na, “Bado,” na, “Hapo hapo.” Kodiani ikaingia. Paka hawakupigana. Chiriku akafumba macho na kuimba, na alipokaribia “jua” mwili mzima ulijikaza kusubiri kofi. Jua lenyewe lilikuwa limeshuka, jekundu kidogo, lakini lilikuwa zima. Alilishikilia mpaka pumzi ikaisha.

Mwisho wa ubeti alimtazama Kimya, kusubiri zile mbili za kumalizia.

Kimya alibisha mara moja.